Aliyepasha Chuma Kwenye Makala Yangu

Kwa miaka zaidi ya ishirini chuma cha fundi wa redio kililala ndani ya mbabula yangu, jiko la makaa ambayo kwetu tunayaita makala, ubavuni mwa karai la mikate. Mimi nilikaanga, yeye alilehemu, na makala ni yale yale. Watu wa soko la Kasongo walipotaka kututania walisema, "Hawa wawili wameoana kwa moto." Mume wangu, Mungu amrehemu, alisikia siku moja akacheka mpaka akakohoa. Akasema fundi yule akinioa kweli atanirudisha kwetu kabla ya Ijumaa, maana yeye hapendi kelele na mimi ndiyo kelele yenyewe.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, muulizeni mwingine. Mimi nilimjua kuanzia kiunoni kwenda juu, amekaa nyuma ya meza yake kwenye baraza tuliyogawana. Nilijua vidole vyake, shingo yake na kikohozi chake. Ninajua pia jinsi macho yake yalivyoisha kabla ya mikono, na jinsi alivyoiacha ile meza. Katika kuiacha kwake mimi nina sehemu yangu, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Chuma chake kichwa kilikuwa cha shaba, kinene kama kidole gumba, kimechongwa ncha kama mdomo wa kuku. Vijana wa sasa wanavyo vya umeme wa jua, vinapata joto kama mgonjwa wa homa, mara liko, mara haliko. Chake kilitaka makala, na makala mazuri, ya mti mgumu, si yale yanayopasuka na kurusha cheche. Nikinunua makala mabaya hakusema kitu. Alikitoa chuma, akakitazama, akanitazama mimi, akakirudisha. Kesho yake nilibadilisha muuzaji.

Kujua kama kimeiva hakutumia macho hata siku zile alipokuwa nayo. Alikisogeza karibu na shavu, kama mama anayepima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Kikiwa bado, kinarudi motoni. Kikiwa kimepita, shaba inageuka rangi za mgongo wa mjusi, na hapo aliguna, akakipumzisha. Kikiwa sawa alikipangusa kwenye kitambaa chenye maji, tssi, mara moja tu, akakigusisha kwenye utomvu wa mti wa mpafu aliouweka ndani ya kifuniko cha kopo. Moshi mweupe ulisimama wima kwanza, ndipo ukainama. Akasogeza waya laini wa bati.

Hapo ndipo nilipokuwa naacha mikate yangu iungue. Lile bati, lililokuwa gumu sasa hivi, linalegea, linakimbia, linajikusanya kama tone la maji juu ya jani la magimbi. Linakuwa kioo. Ukiinama vizuri unaona paa la soko ndani yake, dogo kuliko punje ya mchele. Halafu linatetemeka kidogo, linatulia, na limekuwa gumu tena. Muda wote ule fundi hakupumua. Akimaliza alitoa pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu aliyekunywa chai ya tangawizi. Mimi nimekaanga mikate tangu nikiwa msichana, na sijaona kitu kingine kinachoiva haraka na vizuri namna ile.

Utomvu ule wa mpafu aliletewa kutoka msituni upande wa Lusangi, umefungwa kwenye majani. Dawa ya dukani, ile ya kufanya bati lishike, aliikataa. Alisema inanuka kama hospitali. Mpafu ulinuka kama ubani, na mikate yangu ikanuka vilevile. Wateja wapya walinusa mkate mara mbili kabla ya kuuma. Waliozoea walisema mikate ya Mama Zaina ina maulidi ndani.

Lakini hapa kwetu, mahali panapofuka ubani asubuhi ya siku ya kazi ni mahali penye maiti. Siku moja akaja mama mmoja mzee kutoka Nyangwe na wenzake wawili. Walipofika kwenye kona wakasikia harufu, wakaona watu wamekaa kimya wakingoja redio zao. Wakaanza kulia hapo hapo, vitenge vimefungwa kiunoni. Wakafika mbele ya meza, yule mzee akamshika fundi mkono.

"Pole, baba. Nani ametutoka?"

"Hakuna mutu, mama. Ni harufu ya kazi tu."

"Hakuna mutu?"

"Hakuna."

Yule mama akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Na sisi tumekwisha kulia tangu kwenye kona."

"Basi mukae," fundi akasema. "Machozi hayarudishwi. Mama Zaina, wape mikate."

Wakakaa, wakala mikate yangu kama chakula cha matanga, na yule mzee akatoa kutoka kikapuni redio ndogo iliyokuwa haisemi tangu mwaka jana. Fundi akaitengeneza wakiwapo. Ilipoanza, kwanza ukaja mlio wa nyuki ndani ya mtungi, kisha mvua, kisha mwanaume anayezungumza Kifaransa. Wale mama watatu hawakujua Kifaransa. Walimsikiliza mpaka mwisho wakitikisa vichwa, kwa adabu.

Nyumbani kwake yeye hakukuwa na redio hata moja. Nilimuuliza siku moja, "Fundi, kwako muko kimya kama kaburi. Mupishi anakufa njaa?"

Akasema, "Mimi nikisikia redio, nasikia tu kitu chenye kulegea ndani. Habari siisikii."

Na kweli. Wakati wa vita, kila mtu alipobandika sikio kwenye redio kujua nani yuko barabarani na nani amevuka mto, yeye peke yake hakujua. Watu walikuja kumwambia tukimbie, akauliza tukimbie nini. Redio kumi zilikuwa zinaongea mbele yake.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, huwezi kumkunja akaingia kwenye kapu moja. Kazi aliifanya polepole mpaka wateja wanasinzia, lakini chakula alikula kama mwizi, bugali na sombe ya majani ya muhogo vinaisha kabla sijanawa mikono. Chuma chake hakumwazima mtu, hata ndugu yake wa tumbo moja, lakini koti lake la mvua lilizunguka mtaa mzima na sijui lilifia kwa nani. Mfanyabiashara wa dhahabu alimletea spika kubwa kama kabati, akaipigisha juu ya meza mpaka meza ikatikisika. Fundi akamwambia, "Hii haiponi." Yule alipokwisha kwenda nikamuuliza kama kweli haiponi. "Inapona," akasema, "lakini ametikisa meza." Wiki ile ile nilimwona akihangaika kutwa nzima na tochi ya mkulima mmoja wa kabila la Wabangubangu, tochi ambayo hata kuku asingeidonoa.

Kuswali aliswali, ila Adhuhuri ilimkuta mara nyingi na chuma cha moto mkononi. Alisema Mungu anajua bati halingoji. Nilimwambia Mungu naye asije akasema hivyo hivyo kuhusu yeye. Akachukua birika, akaenda.

Maneno yake hayakuwa mengi, lakini yalikaa. Kabla ya kulehemu alikwangua waya kwa kisu mpaka ukang'aa, akisema, "Bati haliunganishi uchafu na uchafu." Zaina wangu alipoleta mchumba wa kwanza, kijana mwenye viatu vizuri na maneno mengi, fundi alimtazama kwenye baraza, akaniambia neno hilo hilo bila kuinua kichwa. Nilikasirika siku tatu. Baadaye nilimshukuru. Zaina aliolewa na mwingine, na leo nina wajukuu tisa, mmoja anafundisha shule, anaandika ubaoni kwa mkono mzuri kuliko wa padri. Mimi nilikomea darasa la pili.

Neno jingine: "Ukitikisa kabla halijalala, umejidanganya." Bati linapopoa linataka utulivu wa kuhesabu mpaka tano. Ukilitikisa, au ukiligusa kwa chuma kilichopoa, linashika kwa nje tu. Kwa macho ya harakaharaka utasema limeshika. Lakini lililoshika kweli linang'aa, na lililodanganya lina rangi ya majivu. Siku moja, njiani au mvuani, linaachia.

Ndiyo sababu, macho yalipoanza kumwacha, hakuniomba nimsomee kitu wala nimshike mkono. Aliniuliza swali moja tu. Alimaliza kiungo, akageuza redio upande wangu kama mtu anayenionyesha kitu cha kuchekesha, akasema kwa sauti ya chini:

"Inang'aa?"

Nikatazama. "Inang'aa."

Hakueleza. Na mimi, ambaye kinywa changu hakina mlango, sikumuuliza. Nilielewa kwamba kama soko likijua fundi haoni, meza imekwisha. Kwa muda wa misimu minne ya mvua nilikuwa jicho lake. Mikono yake haikunihitaji. Ilijua njia kama mbuzi anavyojua nyumbani. Aligusa waya kwa ukucha, akasikia chuma kwa shavu, akanusa moshi akajua bati limeingia. Kung'aa tu ndiko hakuna pua inayokunusa. Aliuliza, nikajibu. Ikiwa na rangi ya majivu nilisema, "Haing'ai, rudia," naye akarudia. Watu waliona mama wa mikate anaingiza pua katika kazi ya wanaume, wakasema Mama Zaina atataka sasa kulehemu. Nikawaacha waseme.

Mimi ni mtu wa kusema kweli. Nimeisema kwenye harusi, nimeisema kwenye matanga, wakwe zangu wananiogopa kwa sababu hiyo. Kwa fundi nilisema uongo mara moja tu, na nitaueleza jinsi ulivyokuwa.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Ramadhani. Wakamletea mashine ya sauti ya msikiti wa mtaa wetu, ile inayopeleka adhana kwenye spika za juu. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia, mahali pabaya, ndani kabisa. Alilehemu, akauliza. Nikasema haing'ai. Akakwangua, akapasha, akalehemu tena. Haing'ai. Jasho lilimtoka kwenye nyusi likadondokea mezani. Wale wazee wawili wa msikiti walikuwa wamesimama pale, mmoja akitazama jua. Akalehemu mara ya tatu. Akanigeuzia.

"Inang'aa?"

Ilikuwa ya majivu. Niliiona. Nilimwona na yeye, shingo yake imekonda kama ya kuku aliyenyonyolewa, nikamhurumia.

"Inang'aa," nikasema.

Wakaibeba, wakaenda wakimwombea dua.

Jioni ya mfungo wa kwanza mtaa mzima ulikaa mbele ya uji na tende, masikio yako juu. Tukasikia sauti ikikohoa mara moja kwenye spika, basi. Kimya. Mwadhini alikuwa anaadhini, bila shaka, lakini kwa koo lake, na pikipiki zilikuwa zinapita. Nyumba moja ilifungua, nyingine ikasema bado. Mjukuu wangu mdogo alilia na tende mkononi. Tulifungua kwa kubahatisha, wengine gizani kabisa. Kesho yake vijana wakaifanya kichekesho: wakipita mbele ya meza walikohoa mara moja, wakanyamaza.

Mzee wa msikiti akairudisha mashine. Hakugomba. Alisema tu, "Fundi, iliachia." Fundi akaingiza ukucha, akakuta pale palipoachia. Alikaa na kidole ndani kwa muda mrefu. Kisha akatoa chuma chake katika mbabula yangu kabla hakijapata moto, akakifunga kwenye kitambaa. Siku tatu hakusema na mimi. Ya nne hakuja.

Binti yake, Riziki, alikuja kutoka Kabambare kwa pikipiki. Alikuta baba yake nyumbani, amekaa, akagundua jambo ambalo soko lilikuwa limeshaligundua, kwamba haoni. Akamchukua. Asubuhi waliyoondoka walipita mbele ya baraza. Alikuwa amekaa katikati, kati ya dereva na Riziki, kama gunia linaloshikiliwa lisidondoke. Nilisimama na kijiko cha kukaangia mkononi. Pikipiki haikusimama, na mimi sikuita. Mpaka leo sijui kwa nini sikuita.

Meza ilikaa tupu. Baadaye akaja kijana wa simu, mwenye chuma cha jua. Ni mtoto mzuri, anasalimia. Kazi yake inanuka plastiki.

Mwaka huu, baada ya masika, mjukuu wangu yule mwalimu alioa Kabambare. Wakasema bibi abaki, barabara itamvunja. Nikasema kama nitavunjika nivunjike kwenye harusi ya mjukuu wangu. Ilikuwa barabara kweli. Tulitelemka mara ngapi kuvuka matope sijui, dereva akisukuma, mimi nikitembea nyuma na viatu mkononi, kiuno kinanisema kwa majina yote. Nilifika nimechakaa kama kitenge cha jikoni. Nilicheza harusini hata hivyo, na nilicheza kuliko mama mzaa bibi harusi, waulizeni.

Siku ya pili nikauliza nyumba ya Riziki.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, uso umeelekea mahali pasipo na kitu. Mikono ilikuwa juu ya magoti, vidole vinasugua vidole. Nikapiga hodi. Kabla sijajitaja akasema:

"Mama Zaina. Umekuja na harufu ya mafuta ya mawese mupaka huku."

"Na wewe umebaki mifupa. Hawakupikii?"

"Wananipikia. Chakula inachelewa kuisha siku hizi."

Riziki akaniletea kiti. Ni mwanamke mzuri, amechoka. Akaniambia baba yake akiwepo, kama wanavyosema mbele ya wasioona, kwamba amekificha chuma sandukuni. "Aliungua goti, mama. Kidonda miezi miwili. Kabla ya hapo nilikuwa namwacha alehemu nyaya tu, vipande. Ananiuliza iko namna gani, namwambia iko muzuri. Kila siku iko muzuri."

"Kila siku," fundi akasema.

Riziki aliingia ndani. Nikaona hapo ndipo pa kusema, nikasema bila kuzunguka, maana sijui kuzunguka. "Ile siku ya mashine ya musikiti nilikuongopea. Ilikuwa majivu. Niliona."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Chuma kilikuwa kimekwisha kupoa, nilikisikia mukononi. Nilikuuliza mara ya tatu ili uniambie niache." Vidole vyake viliendelea kusuguana. "Mimi mwenyewe nilishindwa kujiambia. Nikakukasirikia wewe."

Nilikuwa nimeubeba uongo ule Ramadhani ngapi, na kumbe tulikuwa tumeubeba wawili, kila mmoja kichwani kwake, kama wajinga wanaopishana njiani na ndoo za maji ya kisima kimoja. Sikuona nafuu. Niliona kuchoka tu, kuchoka kwa miguu na kwa moyo.

Akaita, "Riziki. Lete chuma."

"Baba, utaungua tena."

"Mama Zaina iko hapa. Yeye haniambii iko muzuri."

Riziki akanitazama. Nikamwambia alete. Alifungua sanduku, akaleta kile chuma kwenye kitambaa chake, akaleta mbabula yake yenye makala, akasimama mlangoni na mikono kifuani. Fundi akanipa nyaya mbili za shaba. Nikazikwangua mimi, kwa kisu, mpaka zikang'aa, nikazisokota. Nikaziweka juu ya tofali, nikamshika kidole nikakiweka pale. Akatikisa kichwa kwamba amepaona.

Kile chuma kilichukua muda. Alikitoa, akakileta karibu na shavu, akakirudisha. Akakitoa tena. Mgongo wake ulinyooka na kwa pumzi mbili tatu alikuwa yule yule wa baraza, na mimi nilikuwa na mikate motoni. Moshi ulipanda. Akasukuma bati. Mkono ulikwenda vizuri, ukakaribia, na karibu na mwisho, pale ambapo jicho linamwambia mkono simama, ukapita. Akaurudisha. Bati lilikuwa limeanza kulala, naye akaligusa tena.

Akahesabu mpaka tano kwa midomo. Akageuza uso upande wangu. Safari hii hakuuliza kwa maneno.

Nilitazama sana. Nilitafuta hata upande mmoja.

"Haing'ai," nikasema. "Ya majivu. Na limeshika upande mumoja tu, ule mwingine uko wazi."

"Sana?"

"Sana, Fundi. Kama ugali wa mwanamuke mwenye kukasirika."

Alicheka, cheko dogo la puani. Kule mlangoni Riziki alikuwa ameshika mdomo wake. Fundi akapapasa ardhini mpaka akapata kikombe alichokuwa anakunywa. Ndani mlikuwa na maji nusu. Chuma cha kulehemu hakizimwi kwa maji. Kinaachwa juu ya jiwe, kipoe chenyewe, hata kama ni mpaka Alasiri, vinginevyo ile ncha inaharibika na siku nyingine haishiki bati. Hakuna anayejua hilo kuliko yeye. Alikitumbukiza chote mpaka kwenye mpini. Maji yalipiga kelele, yakafuka, yakanyamaza.

"Riziki," akasema, "lete chakula. Tumemaliza kazi."